Sauti ya Bi Mgeni na Sentensi Tusiyoiandika

Wenzangu mliobaki wadini, ile saa ya ukutani mliyonizawadia siku ya kuniaga nimeitundika ukumbini kwangu Kikwajuni. Inakwenda mbele. Kila nikiitazama najiona nimechelewa, na mstaafu achelewe wapi? Basi muda huo inaonizidishia nimeamua kuutumia kukuandikieni mliyoniomba, habari za kazi yetu ya watoto njiti tangu nilipoianza. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja kwa kujikokota, na mshahara mnaujua wenyewe. Zaidi nitakuelezeni habari ya Bi Mgeni na sauti yake, kwa sababu ndiyo inayoniuma mpaka leo, na nyinyi bado mna nafasi ya kutofanya tulivyofanya sisi.

Siku yangu ya kwanza niliingia wadini na sare mpya iliyotiwa wanga mpaka ikawa inalia nikitembea. Bi Mgeni ndiye aliyekuwa mkuu wa wadi, mwanamke mfupi wa Makunduchi, mwenye sauti ya chini iliyokuwa ikifika mbali.

"Nani huyo anayekuja kama karatasi?" aliuliza bila ya kugeuka, ameinamia mtoto njiti.

Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akanishika vidole. "Mikono yako baridi, mwanangu. Huyu mtoto hana nyama. Ukimgusa na mikono hii utamla joto lake lote." Akanisimamisha pembeni, mikono kwapani, mpaka ipate moto, na tangu hapo akawa anaikagua kila siku. Nilitoka chuoni na cheti kizuri, na somo langu la kwanza la kazi likawa kusimama mbele ya akina mama kama mtu anayeona baridi Zanzibar.

Vifaa tulivyokuwa navyo vilikuwa vichache. Palikuwa na mashine mbili za kuwatia joto watoto. Moja ilikuwa mbovu na tukahifadhia pamba, na ya pili ilikuwa nzima maadamu umeme upo, yaani haikuwa nzima sana. Bi Mgeni hakuzitegemea. Alitegemea kanga, na vile vikombe vidogo vya kahawa visivyo na mkono, mnavyoviona kwa wauza kahawa. Alivinunua mwenyewe Darajani, akavichemsha, akatufundisha kumnywesha mtoto asiyeweza kunyonya, tone baada ya tone, mtoto akiramba kama paka. Mpaka leo nikipita barazani nikawaona wanaume wanakunywea kahawa vikombe vile, huona wamechukua vyombo vyetu.

Kisha wakaja wageni na mafundisho ya kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi, wakasema mama awe kama kangaruu. Bi Mgeni akawasikiliza kwa adabu. Walipoondoka akatugeukia. "Ala! Nimwambie mwanamke wa Nungwi awe kama mnyama ambaye hata picha yake hajaiona?" Yeye aliita jambo lile kumrudisha mtoto. "Katoka mapema, basi mrudishe," alikuwa akiwaambia. "Ndani harudi tena, mrudishe juu ya ngozi." Na akina mama wakaelewa papo hapo.

Aliyempa taabu ni msichana mmoja wa Uroa, Mwajuma. Alikuwa amezaa mara ya kwanza, na mtoto wake wa kiume mdogo hata akawa anaogopa kumtazama. Kila akiwekewa kifuani alikaza mwili na kulia, "Ntamvunja, Bi Mgeni, ntamvunja." Bi Mgeni akawa anamfundisha asubuhi na mchana, maneno yale yale, kwa utaratibu ule ule. Lakini ikifika saa ya kuondoka Bi Mgeni, zamu inayofuata tulikuwa wachache, tunakwenda mbio, tunafundisha kwa kupiga kelele. Asubuhi anarudi, anamkuta Mwajuma kamlaza mtoto kitandani, miguu imepoa.

"Mimi naondoka," aliniambia siku moja, amekasirika kweli. "Maneno yangu yawe yanabaki."

Akaja na redio yake ya kaseti kutoka nyumbani, kaifunga ndani ya kanga kama mtoto. Kila saa yake ya chakula alijifungia stoo ya mashuka, kwa sababu mashuka yale yalizuia kelele za nje, akawa anarekodi masomo mafupi: namna ya kumfunga, namna ya kumnywesha, namna ya kumsikiliza anavyopumua. Alisema Kikae cha kwao kilichochanganyika na Kiunguja, kama anazungumza na jirani wa upande wa pili wa ukuta. Mimi wa mjini Kikae sikiwezi. Nikikiandika hapa watu wa Makunduchi watanicheka, kwa hiyo maneno yake nayaandika kwa lugha ya mjini.

Siku aliyokuwa anarekodi somo la mtoto anayepoa, mtoto mmoja wadini alibadilika rangi. Nikampangusa mgongo, nikamsugua nyayo, nikaona sipati kitu. Nikapiga ukelele kuelekea stoo, "Bi Mgeni! Bi Mgeni!" Akatoka mbio, akamshika mtoto, na Mungu akajaalia akavuta pumzi. Baadaye tulipoisikiliza ile kaseti, wito wangu haukusikika, mashuka yameumeza. Linalosikika ni yeye tu, katikati ya somo: "Ukiona miguu yake imepoa, usingoje... Naam! Nnakuja!" Kisha kimya kidogo, kisha sauti ile ile imerudi, inahema: "Usingoje kuulizwa. Mfungue, mpanguse, umfunge tena."

Nikamwambia tufute turekodi upya.

"Wacha," alisema. "Nao wajue kuwa nesi akiitwa huenda."

Ikabaki hivyo. Tukaiweka redio juu ya kabati, ikawa inasema asubuhi, mchana na jioni. Akina mama wanaokaa wiki nyingi waliijua kaseti ile kama watu wanavyozijua nyimbo za harusi, na Mwajuma alikuwa wa mwanzo wao. Aliacha kulia. Alimfunga mwanawe mwenyewe huku midomo yake inafuata maneno ya redio, na akatoka hospitali na mtoto mzima kifuani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kosa letu lilianzia hapa. Kaseti ilipokamilika nilichukua kalamu nikamuuliza Bi Mgeni niandike jina lake juu yake.

"Jina la nini?" aliniuliza, kama nimemwambia avue nguo. "Nimeitoa lillahi. Ukiandika jina sadaka inageuka tangazo."

Nikaiweka kalamu, tena kwa haya. Nyinyi ni watu wa hapa, mnatujua. Mtu huchimba kisima hapa asitake kutajwa, na anayetajwa hunong'onwa kuwa kafanya riya, wema wa kutaka kuonekana. Kwa hiyo hatukuandika kitu, si jina wala neno moja la kumwambia mtu anaruhusiwa kufanya nini nayo. Tuliamini kitu kisicho na jina ni cha kila mtu. Manesi wa vituo vya shamba wakaja na kaseti tupu, wakanakili, wakaondoka wanatuombea dua. Tulifurahi sana, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Miaka ikapita, redio za kaseti zikawa hazipatikani hata kwa fundi. Bi Mgeni akastaafu, nami nikakaa mahali pake. Ndipo ulipokuja mradi mmoja, watu wenye adabu, wenye kompyuta nyepesi. Wakaisikia kaseti yetu inakoroma, wakasema wataisafisha sauti na kuitia kwenye programu ya simu ili imfikie kila mama. Mkubwa wetu akasema chukueni. Tukawapa kaseti na halua juu yake. Hakuna aliyetia saini chochote kuhusu sauti ile, na hakuna aliyeuliza, maana tungeuliza nini? Kitu chenyewe tuliona si cha mtu.

Wakarudi na vishikwambi vipya. Ukibonyeza panaanza muziki, kisha maandishi madogo kwamba haki zote zimehifadhiwa na mradi, kisha Bi Mgeni. Tulimwalika siku ya uzinduzi. Alikaa mbele, mtandio mpya, akaisikiliza sauti yake mwenyewe kichwa kainamisha. Ilipofika somo la mtoto anayepoa alinyanyua uso.

"Mbona mimi sikuitika?"

Kijana wa mradi akamweleza kwa upole kuwa pale palikuwa na kelele, wameitoa.

"Kelele!" Bi Mgeni akacheka mpaka akafuta machozi. "Haya, mwanangu. Imekuwa safi."

Yeye hakukasirika. Mimi nilikasirika na bado nimekasirika, ila ile siku nilikuwa na sahani ya maandazi mkononi, nikawapitishia wageni.

Mradi ukafika mwisho wake kama miradi yote. Vishikwambi vikakusanywa, na waliokuwa na programu kwenye simu zao wakaanza kudaiwa neno la siri ambalo hatukupewa. Mwishowe haikufunguka kabisa. Na wakati huo Bi Mgeni akaumwa, akafariki, tukamzika kwao Makunduchi mvua inanyesha. Mungu amrehemu.

Binti yake, Rukia, ambaye wengi wenu mnafanya naye kazi, alinifuata afisini baada ya siku za watu kuja kutoa mkono wa pole kwisha. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Nataka sauti ya mama."

"Marahaba. Hata mimi naitaka, mwanangu."

"Si kwa ajili ya kulia tu," alisema. "Nna mama kule ndani hataki kumgusa mwanawe. Nshamwambia kila neno. Marehemu mama angesema mara moja tu, huyo angesikia."

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta. Kaseti zetu za asili mradi ulikuwa umezirudisha ndani ya boksi. Boksi liliwekwa stoo, paa la stoo likavuja, na utepe wote umeota ukungu. Tukazunguka vituo vya shamba kutafuta nakala. Moja tuliipata, tukaitafutia redio kwa mzee mmoja mkusanyaji wa vikorokoro, tukabonyeza kwa bismillahi, ikatoka taarabu. Pande zote mbili. Nilimwambia Rukia angalau nyimbo ni nzuri, akanitazama, nikaizima redio.

Tukawaandikia wenye mradi. Wakajibu kwa heshima kuwa faili lipo lakini hawawezi kulitoa bila ya ruhusa ya mwenye haki. Rukia akawaambia mwenye haki ni mama yake na yeye ni mrithi wake. Wakajibu mama yake alikuwa mwajiriwa, kwa hiyo mwajiri ndiye wa kusema. Tukenda kwa wakubwa wetu, nao wakasema ile kazi waliupa mradi zamani, kwa hiyo ni ya mradi. Kila mmoja alikuwa muungwana, anampisha mwenzake mlangoni, na mlango wenyewe umefungwa.

Mwisho tukapelekwa kwa mwanasheria wa serikali, Bwana Salim, kijana mpole mwenye miwani minene. Alituuliza maswali kama daktari.

"Mama aliajiriwa kufanya nini?"

"Unesi," nikasema. "Na kufundisha wazazi kumo."

"Kaseti nani alimwagiza?"

"Hakuna."

"Redio ya nani?"

"Yake," akajibu Rukia. "Kaseti zake pia. Na saa yake ya chakula."

"Chumba?"

"Stoo ya hospitali," nikasema.

Akavua miwani, akaifuta. "Hapo sasa. Anachokitunga mwajiriwa ndani ya kazi aliyoajiriwa kuifanya, kwa kawaida hakimiliki yake ni ya mwajiri, ila wakikubaliana vyengine. Anachokitunga nje ya kazi yake ni chake. Hiki kimekaa mguu ndani, mguu nje. Kikipelekwa mahkamani kila upande utapata la kusema."

"Lakini aliitoa lillahi!" nilipaza sauti, nakiri. "Hakutaka hata jina!"

"Mungu anajua, Bi Zuhura," alisema taratibu. "Sheria haijui mpaka uiandikie. Nyinyi mliona kisicho na jina ni cha wote. Sheria inaona kisicho na jina ni cha mtu asiyejulikana, na mwaminifu hatokigusa. Asiye mwaminifu ataweka jina lake."

Nikauliza tulitakiwa tufanye nini, nikitegemea atanitajia makaratasi ya kujaza mkoba.

"Sentensi moja juu ya kaseti," alisema. "Imetungwa na Mgeni fulani, nesi wa hospitali fulani. Yeyote anaruhusiwa kuinakili, kuitafsiri na kuisambaza, mradi amtaje mtungaji na asiwafungie wengine. Mkubwa wa hospitali akaridhia, imekwisha. Hiyo ndiyo leseni huria. Ni sadaka ile ile, ila imepewa mashahidi."

Tulipotoka nje, pale Vuga chini ya jua, Rukia akasimama. "Kama jina lake lingekuwemo," alisema, "kila mama aliyetoka na mtoto mzima angejua nani wa kumuombea dua. Sisi tuliliita riya." Kisha akalia, mtu mzima, watu wanapita. Na mimi ndiye niliyekuwa na kalamu mkononi siku ile na nilikubaliana na marehemu kwa moyo wote.

Bwana Salim alitushauri njia ya mkato. Hospitali na warithi waache kubishana nani mwenyewe, watie saini pamoja kwamba yeyote mwenye haki kati yao ameiachia huria. Rukia alikuwa tayari siku ile ile. Wakubwa walitaka kikao, kisha kikao cha kupitia kikao. Mmoja akauliza, je, tukiiachia na mtu akafanya biashara? Nikamuuliza biashara ipi, ya kuuza maneno ya kumfunika mtoto? Wakaniambia nisiwe mkali. Mwishowe saini zikatiwa, muhuri ukapigwa, nikaipeleka kwa wenye mradi kwa furaha kama napeleka posa.

Jibu lilikuja fupi. Walisikitika sana. Ile kompyuta ya mbali iliyokuwa ikihifadhi kazi za mradi ilikuwa ya kukodi, muda wake ulimalizika tukiwa bado tunakutana, na vilivyokuwemo vimefutwa. Leseni tunayo, imo ndani ya fremu pale afisini kwenu, nendeni mkaisome. Ni nzuri kweli. Inamruhusu kila binaadamu kunakili kitu ambacho hakipo.

Nikastaafu na hilo kifuani. Mlinisomea hotuba, mkanipa saa, mkasema nimeacha alama. Nilicheka na nyinyi, lakini moyoni nilikuwa nasema alama gani, nimepewa sauti ya mtu kuitunza nikaipoteza na halua juu.

Juzi hivi Rukia akaja mbio nyumbani, hata hodi hakupiga sawasawa. Wadini alilazwa mzazi mmoja msichana, mtoto wake njiti, na tangu siku ya kwanza akawa anamfunga mwenyewe, bila ya kuoneshwa. Rukia akamuuliza nani kakufundisha. Akasema, "Mkwe wangu, Bi Mwajuma wa Uroa. Na mume wangu kalelewa hivyo hivyo." Sasa karuhusiwa, karudi Uroa na mtoto kifuani.

Tukenda. Mwajuma amekuwa mtu mzima, mikono imekauka kwa chumvi na mwani, lakini uso nimeujua. Alinipa shikamoo, akanishika mikono yangu yote miwili, kisha akacheka. "Ina joto, Sista. Bi Mgeni angeridhika." Mkwewe, yule msichana, alikuwa amekaa mkekani, kijichwa kinatokeza juu ya kanga.

Rukia akamweleza yote tuliyoyapoteza. Akaweka simu yake mkekani, akamwomba aseme anayoyakumbuka, na akamuuliza kama anakubali tuandike majina na tumruhusu kila mtu ayatumie.

"Mimi nilipewa, nanyi mnapewa," alisema Mwajuma. "Lakini maneno si yangu. Andikeni kwanza ni ya Bi Mgeni."

Rukia akaandika palepale, mbele yetu. Kisha Mwajuma akatazama chini, na alipoanza kusema sauti yake ikashuka. Mwendo ulikuwa ule ule, na pale pa kuvuta pumzi akavuta. Akapita somo la kufunga na la kunywesha, akafika la mtoto anayepoa.

"Ukiona miguu yake imepoa, usingoje... Naam! Nnakuja!"

Akanyamaza. Yule mkwe hakushtuka, alingoja tu kama mtu anayejua kinachofuata. Kisha Mwajuma akaendelea, anahema kidogo, "Usingoje kuulizwa. Mfungue, mpanguse, umfunge tena."

Rukia alikuwa hajapata kusikia kuitika kule, yeye aliijua ile iliyosafishwa. Akanisogelea, akaninong'oneza sikioni, "Mama anamwitika nani hapo?"

Simu ilikuwa bado inarekodi. Nikajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, nisije nikamwita tena.